Dakika Thelathini na Nane

Tulimwita Bonyeza kwa sababu hakuwa na jibu lolote kichwani. Ukimuuliza saa, anabonyeza simu. Ukimuuliza kama mvua inanyesha hapo alipo, anabonyeza simu badala ya kuchungulia dirishani. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa uhamisho kwenye ofisi kuu huko bara, na ndiye aliyeyashika maisha yangu mkononi muda wote niliokuwa nikiomba nipelekwe kwa mume wangu.

Mimi ni mpima hali ya hewa kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa kidogo. Msinipe sifa nyingi. Kazi yenyewe ni kuangalia upepo unatoka wapi na mawingu yameshuka kiasi gani, halafu kuwaambia marubani kwa redio. Mume wangu ni zimamoto kwenye uwanja wa kisiwa kingine. Tulioana tukiwa bara, tukifanya kazi uwanja mmoja, tukila chakula cha mchana bakuli moja. Kisha ofisi ikatugawa kama karanga, mmoja huku, mwingine kule, na nyumba yetu ikafungwa hata hatujapata kununua kabati.

Nilipolalamika mara ya kwanza, Bonyeza alinipigia mwenyewe.

“Dada, nimeangalia,” alisema, kwa sauti ya mtu anayekuletea zawadi. “Kutoka uwanja wako hadi uwanja wa mumeo ni dakika thelathini na nane kwa ndege. Hata umbali wameuandika. Mimi kutoka nyumbani hadi ofisini nakaa kwenye foleni zaidi ya hapo.”

“Kwa ndege gani, mzee?”

“Ndege.”

“Hakuna ndege inayotoka huku ikaenda kule. Haijawahi kuwepo. Yetu inatoka bara, inakuja huku, inarudi bara. Yao inatoka bara, inakwenda kule, inarudi bara. Na siku zake hazikutani.”

“Lakini dada, wameandika hapa.”

Basi. Mtandao unachukua nukta mbili, unapiga mstari juu ya maji, unapiga hesabu ya mwendo wa ndege na kutoa jibu. Hauulizi kama ndege yenyewe ipo. Na ofisi nzima ya watu wazima waliosoma, wenye suti na viyoyozi, ikakubaliana kwamba mimi na mume wangu ni majirani. Kila nilipoomba tena, jibu lilikuwa lile lile: kuna wenzako wana shida kweli kweli, wewe mumeo yuko pua na mdomo.

Niwaambie safari ilivyokuwa. Nasubiri siku ya ndege yetu. Upepo ukichafuka, nasubiri inayofuata. Nafika bara, nalala kwa shangazi yangu, ambaye kila nikifika ananiuliza kama bado nina mume. Nasubiri siku ya ndege yao. Nikifika kwa mume wangu, likizo imeshaliwa nusu na mabenchi ya viwanjani, na nusu iliyobaki lazima nianze kuihesabia njia ya kurudi. Mwaka mzima nilimwona mara mbili, na katika hizo mbili, siku ya kwanza nilikuwa nalala tu kwa uchovu.

Wenzangu walifanya mzaha. Aliyezidi ni yule tuliyemwita Mizani, kwa kuwa kazi yake ni kupima abiria na mizigo yao. Ndege zetu ni ndogo na rubani anataka kujua uzito wa kila kitu, hata wa bibi harusi. Mizani akiona nimekaa kimya ananiambia, “Shemeji si yuko hapo tu? Mpigie aje anywe chai, arudi kazini.” Nami nilicheka. Ungefanyaje? Nilijikaza kisabuni.

Asiyecheka alikuwa mama mkwe wangu. Kila mwisho wa wiki alinipigia kutoka bara. “Mwanangu, wenzangu wote wana wajukuu. Mimi nitabeba nini mgongoni?” Ndio mgongo huo huo aliosema haumruhusu kupanda ndege kwenda kumtembelea mwanawe. Nilimwambia avumilie, ofisi itanihamisha, mtoto atakuja. Nililia nikiwa peke yangu baada ya kila simu, kwa sababu umri wangu nami ulikuwa unakwenda, na huo hausubiri ndege.

Halafu akaacha kuuliza. Alipiga mara moja moja tu, akanisalimia vizuri, akanitakia afya. Nilidhani amenionea huruma. Nilimwambia hata mume wangu: mama yako amekuwa mtu mwema sana siku hizi.

Na yeye mume wangu, jamani, usafi ule! Kila nilipofika nilikuta nyumba imesuguliwa, shuka jipya, sufuria zinang’aa, hakuna hata unywele sakafuni. Mwanamume anayeishi peke yake! Nilimsifu. Nilimsifu mbele ya watu. Mara moja tu niliuliza kitu. Uani kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imefungwa chini, usawa wa kifua changu, na mume wangu ni mrefu kama nguzo. Akaniambia ameishusha kwa sababu ya upepo. Juu nguo zinapeperuka. Nami mpima upepo nikaamini habari za upepo.

Sasa siku moja Bonyeza akaja. Ofisi ilikuwa imekodi ndege ndogo ili akague viwanja vya visiwani vyote kwa mkupuo, na alianza na kwetu. Alishuka na miwani yake ya jua na simu mkononi, akakagua choo, akakagua mnara, akanywa soda. Mimi nilikuwa nimejiapiza kutosema neno. Lakini aliponipa mkono akasema, “Aa, wewe ndiye wa dakika thelathini na nane,” na akacheka.

Nilipandisha mori. Nilimwambia mbele ya Mizani, mbele ya rubani, mbele ya abiria wawili waliokuwa wakisubiri ndege ya kesho yake, kwamba kama anaiamini simu yake basi anipeleke. Anioneshe hiyo ndege. Nilimwambia mke wake angetengwa naye hivi angekuwa ameshachoma ofisi. Mizani alikuwa ananikonyeza ninyamaze, akitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Bonyeza hakukasirika. Nadhani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kioo. Alimgeukia rubani, akamuuliza wanakwenda wapi baada ya hapa.

“Kule kule kwa mumewe,” rubani akasema. “Halafu tunarudi hapa kujaza mafuta, ndipo twende bara. Kule hawana mafuta.”

“Kiti kipo?”

“Vipo viwili.”

“Basi dada, twende,” Bonyeza akasema. “Kule mpima hali ya hewa amestaafu na nafasi iko wazi. Kilichobaki ni nyumba tu. Siwezi kumpeleka mtu mahali pasipo na pa kulala familia, itakuwa kesi nyingine. Nikiiona nyumba ya mumeo kwa macho yangu, nikaona inatosha familia, nakuhamisha leo leo. Nakuahidi. Tena ubaki huko huko kwa likizo yako, mizigo yako itafuata.”

Nilimkabidhi msaidizi wangu redio, nikakimbia nyumbani. Nilitia nguo kwenye begi, na mashuka mapya niliyokuwa nimeyaweka tangu zamani, ya maua madogo ya bluu, niliyonunua kwa ajili ya siku nitakayohamia. Jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, nilimwita dirishani nikamwomba alishe kuku wangu, na achukue chochote kilicho jikoni. Alipiga kigelegele kabla sijamaliza kueleza.

Uwanjani Mizani alinipandisha kwenye mizani kama abiria yeyote. “Umepungua,” akasema. “Mapenzi haya.” Kisha akanong’ona, “Nimwambie shemeji kwa redio ajiandae?”

“Ukithubutu nitakukata ulimi,” nikamwambia. “Nataka nimwone uso.”

Tukaruka. Sikuwahi kukiona kisiwa chetu kutoka upande ule, kwa sababu ndege zote hugeukia bara. Bonyeza alikuwa ameweka saa kwenye simu yake na kila mara alinionesha bila kusema kitu. Nilitazama maji chini, bluu tupu, na hata kabla sijachoka kuyatazama nikaona mbele mstari wa kijani. Nilianza kulia. Sikulia kwa furaha peke yake. Nililia kwa hasira kwamba ni kweli kumbe, ni karibu hivi, na miaka yote hii nimeipoteza kwenye mabenchi. Magurudumu yalipogusa, Bonyeza akaninyooshea simu usoni. Dakika thelathini na saba.

“Tumewahi,” akasema.

“Upepo ulikuwa nyuma yetu,” nikamjibu, nikifuta macho.

Mume wangu alikuwa mahali pake, kando ya gari la zimamoto, kofia kichwani, kama kanuni inavyotaka kila ndege inapotua na hadi itakapoondoka. Alikuwa anawatazama wanaoshuka kama mtu anavyotazama kazi. Aliponiona, mikono ilimwanguka. Nilimkimbilia. Nilimkumbatia na koti lake zito lenye harufu ya mpira na mafuta, na ilinichukua muda kutambua kwamba yeye hajanikumbatia.

“Umekujaje?” akauliza. “Leo si siku ya ndege.”

“Ndege si hiyo hapo?” nikacheka. “Bosi amekuja kuona nyumba. Akiridhika, leo leo nahamia. Umesikia? Leo leo!”

Alimtazama Bonyeza, akanitazama mimi, akatazama upande wa nyumba za watumishi, zilizo ng’ambo ya uzio tu. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

“Ngojeni kidogo,” akasema. “Nyumba iko ovyo. Ngojeni ndege iondoke, twende wote. Bosi, karibu kwanza ofisini, kuna kinywaji.”

“Nimekunywa,” Bonyeza akasema. “Na ndege haiondoki bila mimi, kijana wangu, na wewe huruhusiwi kuliacha gari. Mkeo si anajua njia?”

Najua njia, nikasema. Nilimwona mume wangu akiingiza mkono mfukoni kutafuta simu. Pale langoni walikuwepo vijana wa mizigo na mama wa kantini. Niliwasalimia kwa furaha yangu yote, nao wakanijibu wakitazama viatu vyao. Nikadhani wanamwogopa bosi.

Tulipokaribia nyumba nikasikia simu inaita ndani. Inaita, haipokelewi, inaita tena. Uani kamba ilikuwa imejaa nguo. Nguo ndogo ndogo. Mtu wa kawaida angeelewa pale pale. Mimi nilisimama nikajiambia jirani amekosa pa kuanikia.

Bonyeza akabisha hodi. Mlango ukafunguka, na aliyeufungua ni mama mkwe wangu, simu inayoita mkononi, mtoto amefungwa mgongoni.

“Shikamoo mama,” Bonyeza akasema.

“Marahaba,” akajibu, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Simu iliendelea kuita. Nililiona jina la mume wangu kwenye kioo.

Mtoto alichungulia juu ya bega la bibi yake. Hakuwa mchanga. Alikuwa na meno, alikuwa na paji la uso la mume wangu, lile pana, na alinitazama kwa udadisi wa mtoto ambaye hajawahi kuona watu wengi. Nikapiga hesabu bila kutaka. Tangu siku zile mama mkwe alipoacha kuniuliza.

“Mgongo umepona, mama?” nikasema.

Nyuma yake akatokea mwanamke, mikono imelowa maji, kanga imefungwa kiunoni. Alikuwa mdogo kwangu, si mzuri wala si mbaya. Nilikuwa tayari kwa kelele, kwa matusi, kwa chochote. Yeye akasema taratibu, “Dada, karibu ndani.” Alinijua. Hilo ndilo lililonichoma kuliko mtoto. Alinijua, mama wa kantini alinijua, vijana wa mizigo walinijua. Kila nilipokuwa nakuja, jina langu lilitangulia kwenye orodha ya abiria kutoka bara, siku nzima kabla yangu, na kisiwa kizima kilijua kwamba mke wa zimamoto yuko njiani na nyumba isafishwe. Bibi, mama na mtoto wakahamia kwa jirani na sufuria zao. Mimi nikaingia, nikasifia sakafu.

Miaka yote ile nilikuwa napigana na zile siku za safari, kumbe ndizo zilizokuwa zinaniweka kwenye ndoa.

Bonyeza alikuwa bado hajaelewa, maskini. Alikuwa ameshaingia sebuleni, anahesabu vyumba kwa kidole. “Inatosha,” akasema. “Inatosha familia kabisa.” Kisha akageuka, akaniona nilivyosimama, akamtazama mtoto, akatazama picha ya mume wangu ukutani akiwa na mwanamke yule, wote wamevaa vizuri. Pale pale ambapo kila nilipokuja palikuwa na kalenda. Akaitoa simu mfukoni. Akaishika tu. Kioo kilikuwa cheusi na hakubonyeza kitu.

“Kaa kwanza unywe maji, mwanangu,” mama mkwe akaniambia. “Tulikuwa tunatafuta namna ya kukueleza.”

“Mngeitafuta wapi, mama? Namba yangu unayo.”

Nilitoka. Mashuka sikuyaacha; nilikuwa nimeyatoa nusu kwenye begi pale mlangoni Bonyeza akibisha hodi, nikayashindilia tena ndani. Nilitamani kuvunja kitu, lakini kila nilichokitazama kilikuwa cha watu wengine.

Uwanjani mume wangu alikuwa pale pale kando ya gari lake, maana ndege ilikuwa haijaondoka na kazi ni kazi. Alinisogelea hatua chache, akasimama pale kanuni inapoishia. Nilimsubiri. Nasema kweli, nilisimama nikamsubiri aseme kitu, maana hata wakati ule moyo wangu mpumbavu ulikuwa bado unamtafutia udhuru.

“Ungeniambia unakuja,” akasema. “Hata asubuhi tu.”

Nikapanda ndege.

Njia nzima Bonyeza hakuweka saa. Alikaa na mikono kati ya magoti, na kisiwa chetu kilipoonekana ndipo akakohoa.

“Dada, pole sana. Sijui niseme nini.” Kisha akaona ni salama zaidi kurudi kazini. “Lile ombi lako linabaki mezani kwangu, na lazima nilijibu. Nyumba ya mtumishi ni ya familia moja. Ile ina familia. Sasa sijui... unataka niandikeje?”

“Andika ni mbali,” nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, bila kuandika chochote.

Tulipotua, Mizani aliona uso wangu na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Alinipokea begi, nikamnyang’anya. Nilipita nyuma ya ofisi nisionane na mtu, jua bado kali, watoto wa shule bado hawajatoka darasani. Kwangu mlango wa jikoni ulikuwa wazi na jirani yangu yule mwalimu, ambaye siku ile alikuwa zamu ya mchana, alikuwa anatoka na sufuria yangu ya maharage mikononi. Aliponiona alishtuka, nusura aimwage.

“Mbona uko hapa?” akauliza. “Hukuondoka? Ndiyo kwanza nimekuja kuyachukua, hata kupoa hayajapoa!”

“Ndege imeharibika,” nikasema.

“Mungu wangu, na ulivyofurahi! Pole, mwaya. Utakwenda siku nyingine.” Akaiweka sufuria chini, akanitazama begi, akatikisa kichwa. “Mpigie basi mwenzio haraka, asije akasimama uwanjani mpaka jioni anakungoja.”

“Hakujua kama nakuja,” nikamwambia, nikaingia ndani kutafuta sahani mbili.